Almasi Yenye Doa — Sehemu ya Tisa

Bahasha ilishapinduliwa. Mawe matatu yalishamwagika kwenye kitambaa cheusi, na Siwema, sonara wa Ujiji, alikuwa bado hajafunga mdomo.

Mawili hayakumshughulisha. La tatu lilikuwa kubwa, karibu sawa na punje ya mahindi, na ndani yake, pembeni kabisa, palikuwa na doa jeusi kama mbegu ya mchicha.

Doa lile alilijua kabla hajajua kusoma. Kila Krismasi baba yake, Mzee Selestini, alikuwa anamwekea lile jiwe kiganjani na kumwambia, hili babu yako alivuka nalo ziwa kutoka Kalemie, na litakaa kwenye pete yako siku ukiolewa. Halafu analirudisha kwenye kopo la tumbaku, kopo linarudi sandukuni.

Miaka miwili iliyopita kopo lilikutwa tupu. Aliyeambiwa ndiye mwizi ni mdogo wake Siwema, Egide. Mzee alimtupia godoro barabarani mchana kweupe, Ujiji nzima inaangalia. Toka siku hiyo Egide yuko Mwandiga, anapakia magunia ya mihogo kwenye malori. Mama yao, Gloriose, alipofariki mwezi uliopita, Egide alisimama ng'ambo ya barabara kama mpita njia. Hakuruhusiwa kutupa hata konzi moja ya udongo.

Jumamosi hii ni arobaini ya mama. Mzee ameshatangaza: mwizi asikanyage.

Na jiwe ndilo hili hapa mezani. Limeletwa na bibi harusi.

"Dada, mbona kimya?" Catherine akauliza. Alikuwa mwalimu wa chekechea kutoka Katubuka, msichana wa kuongea sana, mwenye meno mazuri. "Mabaya?"

"Umeyatoa wapi haya?"

"Ya mchumba wangu. Alikuwa anafanya biashara Kongo. Yeye aliniletea hayo mawili tu, hilo kubwa nimelikuta mwenyewe kwenye boksi lake la saa. Nikalitia kwenye bahasha, hata hajui. Nataka nimshtukize, aone nimechagua hilo."

"Anaitwa nani mchumba wako?"

"Wilfred. Anapaki pikipiki hapo nje, anakuja."

Siwema akashika meza.

Jamani, Wilfred. Wilfred yule yule aliyekaa kwenye kigoda cha duka hili miaka minne akimwangalia Siwema anachomelea pete za watu. Wilfred aliyesema mwaka huu haupiti bila kwenda kwa wazee. Wilfred aliyepanda boti siku moja bila kuaga, akapotea kama chumvi kwenye mchuzi. Miaka miwili.

Miaka miwili. Hesabu hiyo Siwema aliipiga haraka kuliko mnavyoisoma hapa. Jiwe lilipotea wiki ile ile.

Kwa hiyo ni yeye. Egide anabeba magunia, mwizi ananunua pete.

Angepiga kelele, Wilfred angelitia jiwe mfukoni na kusema nimelinunua Kalemie, nionyeshe risiti yako. Hapana. Ilibidi jiwe libaki humu ndani, na Wilfred aseme kwa mdomo wake mwenyewe.

"Yana mafuta ya mikono," Siwema akasema. "Ngoja niyasafishe."

Akapita nyuma ya pazia. Uani Mzee Selestini alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, redio sikioni, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho yakiangalia ukuta. Siwema akayaosha mawe mawili kwa maji matupu. Lile la doa akalipaka sabuni ya mche, akalisugua mpaka likateleza vidoleni, na hakulisuuza. Akaliacha likauke na utando wake.

Halafu akampigia Egide.

"Usikate. Usiongee. Wewe sikiliza tu."

"Dada, niko juu ya lori, kuna..."

"Egide, sikiliza tu."

Akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni, ikiwa hewani.

Aliporudi, Wilfred alikuwa ameshaingia. Amenenepa. Saa kubwa mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mistari inakata. Alimwona Siwema, akatafuta pa kuweka mikono.

"Siwema."

"Karibu."

"Mnajuana?" Catherine akauliza.

"Ujiji hii nani hamjui nani," Wilfred akasema haraka. "Cathe, si nilikwambia twende kwa yule Mhindi wa mjini?"

"Na mimi nikakwambia wanawake wote wa Katubuka pete zao zimetoka hapa. Kaa."

Wilfred akakaa, kwenye kigoda kile kile. Ndipo akaangalia mezani, Siwema alikoyarudisha mawe, na kuona ni matatu. Rangi ikamtoka usoni.

"Hilo kubwa nani kalileta?"

"Mimi," Catherine akacheka. "Ulikuwa unanificha. Kumbe kwenye boksi la saa kuna raha zote."

"Hilo si la pete. Lina doa."

"Nimelipenda na doa lake. Linafanana na mimi, nina kidoa hapa shingoni. Dada, hebu tuchagulie. Lipi ni lipi? Eti almasi ya kweli hata ukiipiga nyundo haivunjiki?"

"Inavunjika," Siwema akasema. "Watu wengi wamepoteza za kweli kwa kuamini hivyo. Wanaipiga, inapasuka, wanasema kumbe chupa. Mtu alishauza ng'ombe akanunua almasi, akaisaga mwenyewe kwa nyundo."

"Sasa mnajuaje?"

"Hapa kwetu tunatumia mawese."

Akaenda kwa jirani muuza soda, mawe kiganjani, akarudi na sahani anayoigandishaga kwenye friji lake. Mawese yameganda juu ya sahani, mekundu, mazito kama nta. Akaiegemeza sahani kwenye tofali, ikakaa mteremko.

"Almasi haipendi maji," akamwambia Catherine. "Inapenda mafuta. Ukiimwagia maji ikiwa juu ya mawese, inanata. Chupa yenyewe inalowa maji, inateleza hadi chini. Baba ndiye alinifundisha. Muulize mchumba wako, anaijua."

"Nitaijulia wapi," Wilfred akasema.

"Basi leo utaijua."

Akaweka jiwe la kwanza. Akamimina maji kwa kikombe. Jiwe likateleza kama mtoto kwenye tope, likadondoka mezani.

"Chupa," Siwema akasema.

"Ulinunua chupa, Wilfred?" Catherine akamtazama.

"Yule Mkongo alinipiga. Endelea."

La pili lilikuwa dogo, jeupe, halina makuu. Siwema akalimwagia maji kikombe kizima. Halikusogea. Limeng'ang'ania mawese kama kupe.

"Hili ni lenyewe. Dogo, lakini safi. Litakaa vizuri kwenye kidole chako."

"Na langu?"

Siwema akalishika la doa kwa kibano. Akaliweka. Akamimina.

Jiwe likashuka. Sabuni ilifanya kazi yake. Liliteleza mteremko wote, likagonga meza, likatulia.

"Chupa," Siwema akasema. "Pole. Niachie hapa hapa, nitawatupia. Pete tutengeneze na hili dogo."

"Haiwezekani," Wilfred akasema.

Akasimama kabisa. Siwema akasubiri. Ndani ya aproni simu ilikuwa imepata moto.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Hilo ni almasi. Nina uhakika."

"Umejuaje? Yale mengine mawili hukuwa na uhakika nayo. Hili una uhakika. Nani alikuhakikishia?"

"Nimelitoa sehemu ya kuaminika."

"Wapi?"

"Siwema, fanya kazi yako."

"Ndiyo kazi yangu. Jiwe likija hapa nauliza limetoka wapi. Nisije nikatengeneza pete ya mali ya watu."

Catherine akaacha kutabasamu. "Mali ya watu vipi?"

"Hakuna," Wilfred akasema. "Ana maneno yake."

"Nijibu tu," Siwema akasema. "Limetoka wapi?"

Wilfred akafungua mdomo. Na hapo, wasomaji wangu, angesema. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini pazia likasogea.

"Lete nilione mimi," sauti ikasema.

Mzee Selestini alikuwa amesimama na fimbo yake, redio imezimwa. Siwema alitamani sakafu imeze kila kitu.

"Baba, nimeshamaliza. Ni chupa."

"Nimesikia likigonga meza. Chupa haigongi hivyo. Lete."

Alikuwa sonara miaka arobaini. Kipofu, ndiyo, lakini ukimdanganya kuhusu jiwe ni kama umemtukana mama yake. Akanyoosha kiganja mpaka Siwema hakuwa na pa kukimbilia.

Akampa.

Na hapo hapo moyo wake ukageuka, akajiambia, afadhali. Acha alishike. Kwenye ukingo wa jiwe lile kuna pengo, Mzee mwenyewe ndiye alilimegua zamani akijaribu kulifunga kwenye pete. Kidole chake kikipita pale atalijua jiwe lake. Atapaza sauti. Atamshika Wilfred shati. Na Egide anasikia.

Mzee akaligusisha jiwe kwenye mdomo wa chini, akatulia nalo. Ndivyo alivyokuwa anapima. Chupa inapata joto la mdomo upesi. Almasi inabaki baridi, inalinyonya joto lako.

Akalamba midomo.

"Lina ladha ya sabuni," akasema. "Siwema. Umelipaka sabuni ili liteleze."

Catherine akamgeukia. "Dada?"

"Nilikufundisha kazi," Mzee akasema, "sikukufundisha kumdanganya mteja. Binti, samahani sana. Hii ni almasi. Nzuri."

"Baba, gusa ukingo," Siwema akasema.

"Nimegusa."

"Gusa vizuri. Pale penye pengo."

"Nimegusa, mwanangu."

"Basi waambie ni jiwe gani."

Nje kulikuwa na mtu anatangaza samaki wa ziwani, migebuka ya leo leo. Kidole gumba cha Mzee kilienda kikarudi kwenye ukingo, kikaenda kikarudi.

"Mawe ni mengi," akasema. "Mtengenezee bwana harusi pete yake. Yaishe."

Siwema hakuelewa. Alimwangalia baba yake kama mtu anayeangalia nyumba yake na kukuta mlango umehama.

Kwa hiyo akasema yeye.

"Catherine, hilo jiwe ni la nyumba hii. Liliibwa kwenye sanduku la baba miaka miwili iliyopita. Mdogo wangu alifukuzwa kwa ajili yake. Na mwizi ni huyu umekuja naye."

Catherine akasimama taratibu. "Wilfred?"

Mlidhani Wilfred angeruka mlango. Hata mimi nilidhani. Lakini alicheka, kicheko kibaya kidogo, cha puani.

"Niite yote," akasema. "Niite mbwa. Mwizi hapana. Mzee, sema."

Mzee akalifunga jiwe kiganjani.

"Mzee Selestini, naitwa mwizi mbele ya mke wangu mtarajiwa. Sema au nasema mimi."

"Wilfred," Mzee akasema, "tulikubaliana."

Maneno mawili hayo. Siwema aliyasikia, halafu akayasikia tena kichwani, na mara ya pili ndiyo yalimchoma.

"Mlikubaliana nini?"

"Alinipa," Wilfred akasema. "Kwa mkono wake. Aliniita Kibirizi kule wanapoanika dagaa, tukakaa kwenye kibanda cha mama mmoja. Akatoa kopo la tumbaku. Akaniambia, chukua, vuka ziwa, na usirudi mpaka mwanangu akusahau."

"Uongo."

"Muulize. Yuko hapo."

Siwema hakumuuliza. Alimwangalia tu, na Mzee, ambaye haoni, akalijua lile jicho likamfanya akae kwenye benchi bila kutafuta kama benchi lipo.

"Macho yalikuwa yanaondoka," Mzee akasema. "Daktari aliniambia, hili la kushoto mwaka huu, la kulia mwakani. Wewe ndiye ulikuwa mkono wangu uliobaki. Huyu alikuwa anakuja kutoa barua ya posa. Angekuoa angekupeleka Kalemie. Duka nani angefungua? Mimi nishike moto wa gesi kwa kupapasa?"

"Ukampa jiwe langu."

"Lilikuwa la harusi yako. Na harusi sikuitaka."

Catherine alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Siwema akamgeukia Wilfred, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya.

"Ulifikiri muda gani?"

"Nini?"

"Alipokuwekea mkononi. Kabla hujapokea. Ulifikiri muda gani?"

"Siwema, mambo ya zamani hayo."

"Mjibu," Catherine akasema.

Wilfred akaangalia saa yake kubwa, kama vile jibu liko mle.

"Tulikunywa soda moja moja."

"Ulimaliza soda?"

Wilfred akaifunika saa kwa kiganja.

"Nimekuuliza, ulimaliza ile soda?"

"Nilimaliza."

"Sawa," Siwema akasema.

Catherine akachukua mkoba wake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na sasa yalikuwa yamemwishia, akabaki na machache, kila moja linatoka kwa shida.

"Nilitaka kulivaa hilo," akamwambia Wilfred. "Ningelivaa kanisani. Ningewaonyesha watoto wangu darasani. Malipo ya kumwacha mwanamke mwingine, na mimi nachekacheka nalo."

"Cathe, wewe ni tofauti. Wewe hakuna mtu angeweza..."

"Baba yangu ana boti mbili. Angekupa moja ungefikiri muda gani?"

Hakungoja. Akamgeukia Siwema. "Dada, nisamehe. Mimi nilikuja tu kuchagua jiwe."

"Umechagua vizuri," Siwema akasema. "Jicho lako ni zuri."

Akatoka kwa mguu. Wilfred akaruka nyuma yake, halafu mlangoni akasimama, akarudi hatua mbili, akanyoosha mkono kwenye kiganja cha Mzee lilipokuwa jiwe. Ndugu zangu, mtu anaachwa na bado anakumbuka mzigo.

Siwema alikuwa ameshalichukua.

"Hilo nilipewa," Wilfred akasema.

"Ulipewa ili nikusahau. Mimi sikukusahau. Kwa hiyo kazi hukumaliza."

Akalifumbata ngumini. Wilfred alimtazama, akatazama nyundo na makoleo ukutani, akaondoka. Pikipiki ikanguruma, ikapunguza mwendo karibu na mtu anayetembea kwa mguu, na yule anayetembea hakusimama.

Wakabaki wawili. Kwenye sahani lile jiwe dogo lilikuwa bado limenata kwenye mawese, mwenyewe hayupo.

"Na Egide?" Siwema akauliza.

"Egide nini?"

"Baba, usinifanyie hivyo. Egide."

Mzee akapapasa fimbo yake, akaiweka magotini.

"Nilitaka niseme baadaye," akasema. "Nilijua kopo litakaa tupu na hakuna atakayelifungua mpaka mimi nife. Mama yako akafungua. Akaniuliza jiwe liko wapi. Nikasema limeibwa. Akauliza na nani. Egide alikuwa amesimama mlangoni, anakula muhogo. Nikamwonyesha kwa mkono."

"Ukamwonyesha kwa mkono."

"Ndiye alikuwa karibu."

Siwema alikumbuka lile godoro, jinsi lilivyoanguka na kutoa vumbi. Alikumbuka yeye mwenyewe, Siwema, amesimama kibarazani. Alikumbuka alichomwambia mdogo wake siku ile: kama umeuza, sema umemuuzia nani, tukalikomboe. Egide alimwangalia, akaokota godoro, akaondoka.

Akatoa simu kwenye aproni. Dakika ishirini na sita, bado iko hewani.

Alitaka Egide amsikie mwizi. Basi, amemsikia.

"Nani huyo?" Mzee akauliza. Masikio yake hayakuwa na mtoto wa jicho.

Siwema akaweka simu mezani, akaiongezea sauti.

"Egide. Umesikia?"

Injini ya lori kwa mbali. Mtu anaita hesabu ya magunia.

"Nimesikia," Egide akasema.

"Egide, mdogo wangu. Nisamehe. Mimi sikujua, naapa kwa kaburi la mama sikujua."

"Najua hukujua, dada. Ndiyo ilikuwa maana yake."

"Maana yake nini?"

"Baba yupo hapo?"

"Yupo."

"Baba, shikamoo."

Mzee Selestini alifungua mdomo, na marahaba haikutoka.

"Baba, unasema nilikuwa mlangoni siku mama anafungua kopo. Ni kweli. Lakini nilikuwa mlangoni na ile siku nyingine pia. Siku unalitoa. Ulikuwa unapapasa sandukuni, ukadhani uko peke yako, kwa sababu jicho la upande wa mlango ndilo lilikuwa limekufa. Nilikuona unalitia mfukoni. Nikakufuata mpaka Kibirizi. Nikaona unampa nani."

Siwema akakaa chini. Kigoda cha Wilfred kilikuwa karibu, akakisukuma kwa mguu, akakaa sakafuni.

"Miaka miwili," akasema. "Egide, ulijua miaka miwili? Na ukabeba godoro?"

"Ningesema nini? Ningekwambia baba amekuuza? Ulikuwa huli, dada. Wilfred ameondoka, umelala chini siku tatu. Ningeongeza na hilo ungekufa."

"Ungeniambia."

"Nilitaka. Nilikatazwa."

"Na nani? Na baba?"

"Baba hakuniona." Egide akavuta pumzi. Ilisikika hadi huku. "Siku ile sikuwa peke yangu mlangoni. Mama alikuwa nyuma yangu."

Muuza migebuka alishapita. Hata jirani wa soda alikuwa amenyamaza, na nadhani alikuwa anasikiliza, maana ukuta ule ni wa mabati.

"Niliporudi Kibirizi nikaanza kumweleza, mama akaniziba mdomo kwa mkono," Egide akasema. "Akaniambia, yewe, mwanangu, ukisema dada yako atakufa, na baba yako atabaki bila mtu. Wewe ni mwanaume, utabeba. Nikasema nitabeba. Sikujua mzigo ni mzito hivi."

Ilikuwa ni Mzee aliyetoa sauti sasa. Sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki watu wajue.

"Aliniuliza," akasema. "Gloriose. Aliniuliza jiwe liko wapi. Aliniuliza mara tatu."

"Alikuwa anajua, baba," Egide akasema. "Alikuwa anakupa nafasi."

"Na alipokuwa anakata roho aliniuliza tena."

"Ulimjibu nini?"

Mzee hakusema alimjibu nini. Na Siwema, ambaye usiku ule wa mwisho alikuwa amemshika mama yake miguu, alikumbuka vizuri sana alichojibu baba yake. *Muulize mwanao mwizi.*

Akasimama.

"Jumamosi watu watajaa hapa," akasema. "Padri atakuwepo, majirani watakuwepo, wale wote walioona godoro watakuwepo. Egide atakuja. Atakaa mbele. Na wewe utasimama, useme ulilitoa mwenyewe na ukampa nani na kwa nini."

"Mbele ya watu wote?"

"Egide ulimtoa mbele ya nani?"

"Siwema, mimi ni mtu mzima. Nina jina hapa Ujiji. Miaka arobaini watu wananiachia dhahabu yao bila kuandikishana. Nikisimama niseme hivyo hakuna atakayeleta hata hereni. Nitamwomba msamaha Egide hapa hapa, kwenye simu. Sisi watatu. Aje, ale, alale kwake. Watu waambiwe jiwe limepatikana, basi."

"Limepatikana wapi?"

"Tutasema... tutasema lilikuwa limedondoka nyuma ya sanduku."

Kwenye simu Egide alikuwa ameanza kupakia magunia tena. Tuliyasikia yanavyodondoka, moja, jingine, jingine.

Siwema alifungua ngumi. Jiwe lilikuwa limeacha alama nyekundu kiganjani, na doa lake lile lile lilikuwa linamwangalia. La babu. La harusi yake. Huyu mzee aliweza kumtupa mwana, kumdanganya mke hadi kaburini, lakini jiwe hili, hata leo, kidole chake gumba kilikuwa kinalipapasa kama shavu la mtoto.

Akalifuta sabuni kwa pindo la aproni. Akaliweka katikati ya fuawe, kile chuma cha kupondea.

Mzee Selestini haoni, lakini kila kifaa cha duka lile anakijua kwa mlio wake kikitoka kwenye msumari. Koleo lina mlio wake. Tupa ina mlio wake. Alisikia kilichotoka, na fimbo ikamdondoka magotini.

"Siwema," akasema. "Mwanangu. Hiyo nyundo ni ya nini?"